Kiti cha Nyigu

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Jumamosi, Mwalimu alifungua mlango wa mbele akiwa na kikombe cha chai mkononi, akatazama uani, na gari lake halikuwepo.

Alitazama tena. Pale lilipokuwa palibaki doa dogo la mafuta. Geti lilikuwa limefungwa, komeo mahali pake. Akarudi jikoni kutazama nyuma ya mlango: ufunguo ulining'inia msumarini kama alivyouacha jana. Akaiweka chai mezani bila kuinywa. Mwanamke huyu hajawahi kuacha chai ipoe, kwa hiyo mjue mambo yalikuwa mabaya.

Tusifichane: gari lile hakulipenda mtu yeyote isipokuwa yeye. Mwalimu alikuwa mjane, mwenye nywele za kijivu na kiuno kilichochoka kukaa kiti cha abiria, kwani amefundisha udereva tangu watu wenye vitambi leo walipokuwa wembamba. Nusu ya mji ilipata leseni mikononi mwake. Mwezi uliopita alistaafu, akatangaza kwamba anatafuta gari la mtumba la milango miwili, la bei ya mstaafu, lenye mbio na lenye roho yake. Watu wakadhani anatania.

Hakuwa anatania. Ijumaa alikwenda yadi ya magari, akiwa amemwonya muuzaji mapema asiwashe gari lolote kabla hajafika. Palikuwa na matatu ya kumfaa. Jeusi lilipachikwa bawa nyuma kana kwamba litaruka. Mwalimu akapitisha kiganja kwenye matairi, akakuta yameliwa upande wa ndani tu. "Hili liligonga," alisema, "likanyooshwa na mtu mwenye haraka." La fedha lilimetameta, lakini alipoweka mkono juu ya boneti alikuta joto.

"Umeliwasha."

"Kidogo tu, mama, kulipasha."

"Gari linalopashwa kabla mnunuzi hajafika lina la kuficha. Nionyeshe lile."

Lile lilikuwa la njano, paa limepauka kwa jua, viti vina nyufa. Taa zake za mbele hujificha ndani ya boneti na huibuka ukiziita, ila ya kulia huchelewa, hivyo gari huonekana linamkonyeza mtu. Boneti ilikuwa baridi. Lilipowashwa lilikohoa mara moja, kisha likaimba. Mwalimu alicheka peke yake. Kasoro zake zote zilikuwa nje, na bei yake haikumlazimisha kupigia mtu magoti. Akaliita Nyigu papo hapo. Fundi wake, mtu mrefu anayeitwa Mlingoti, alibadilisha pedi za breki mchana huo, akalikabidhi, akasema, "Mwalimu, siku ukichoka naye, niuzie mimi. Nakuomba kwa heshima zote."

Jioni ndipo vita vilipoanza. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, alilizunguka gari lile kama mtu anayekagua kinyesi cha paka.

"Shemeji, kwa umri huu? Viti viwili na kijinafasi cha mkoba? Watu watasema nini?"

"Watasema limepita."

Wajukuu watatu walicheka. Mama yao, binti pekee wa Mwalimu, hakucheka. Aliishi pale na watoto, mumewe akifanya kazi mbali. Miaka minne nyuma aliteleza na gari mtaroni, mtoto akiwa ndani. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo hakugusa usukani. Mama yake ndiye aliyempeleka kazini, akapeleka watoto shule, akampeleka shemeji kliniki, akarudisha kila mtu. Jioni ile Mwalimu aliweka ufunguo wa gari la zamani la familia mezani mbele ya binti yake, akasema, "Hili lako. Kuanzia Jumatatu kila mtu atajiendesha."

Binti hakuugusa ufunguo. Shemeji ndiye aliyepiga meza. "Hilo la njano halitakaa hapa. Nasema halitakaa!"

Na kweli, halikukaa hata siku moja.

Koplo alifika saa moja kasoro robo. Alisimamisha gari la polisi getini, akasukuma kiti nyuma hadi mwisho, akageuza kioo cha ndani kikatazama juu, akashuka akipandisha suruali. Naye alikuwa mwanafunzi wa zamani wa Mwalimu, na alifeli mtihani mara mbili kwa sababu ya kilima, jambo ambalo hawakulizungumza.

"Nani anajua ufunguo unakaa wapi?" aliuliza, wakiwa jikoni.

"Kila anayekula kwangu."

"Ufunguo wa pili?"

"Muuzaji anasema ulipotea zamani."

"Mwingine aliyeushika huu?"

"Mlingoti. Jana mchana."

Koplo akatikisa kichwa polepole. "Mchana mzima unatosha kuchonga ufunguo wa pili."

"Na mwizi wa namna hiyo, Koplo, atafunga geti na komeo baada ya kuiba?"

"Labda mstaarabu."

"Hm," alisema Mwalimu.

Shemeji akaingia, shavu moja limevimba, kitambaa kimezunguka taya. Habari zilimfikia kabla hajanawa uso. Alijitahidi kuonekana mwenye huzuni, akashindwa.

"Naambiwa jana ulisema gari halitakaa hapa," Koplo alimwambia.

"Nilisema na nasema. Kusema si kuiba."

"Usiku ulikuwa wapi?"

"Kwangu, na jino. Muulize mke wangu, muulize jirani, muulize jirani wa jirani. Nimelia hadi alfajiri."

"Unaendesha?"

"Tangu ujana. Na sikufundishwa na mke wa kaka yangu, nilifundishwa na kaka mwenyewe. Andika hivyo."

Koplo akamgeukia binti, aliyekuwa anawakatia watoto mkate. Alipunguza sauti kwa adabu. "Dada, ulisikia chochote?"

"Sikusikia injini yoyote."

"Na wewe huendeshi."

"Kila mtu anajua siendeshi," alisema binti, akaendelea kukata.

Mwalimu alikuwa anatazama msumari nyuma ya mlango. Hasira yake haikuwa ya kelele. Ilikuwa ile inayokunja midomo na kunyoosha mgongo. Maisha yake yote alikaa upande wa abiria, mguu juu ya breki ya pili, akiwaokoa wengine wasife. Siku moja tu alikaa kiti cha dereva cha gari lake mwenyewe, na kiti kikaondoka. Akasema, bila kumtazama mtu, "Nitalipata. Na nikilipata, sirudi kwenye basi la familia. Mnisikie wote."

Simu ya Koplo ikalia. Gari la njano lilionekana chini ya kilima, mbele ya ghala la mbao, kwenye barabara hiyo hiyo inayopita getini kwa Mwalimu.

Mwalimu akatia ufunguo mfukoni, akashuka na Koplo kwa miguu. Nyigu alikuwepo, mzima, ameelekeza pua kwenye mteremko, matone ya umande yamejaa juu ya boneti. Milango haikufungwa kwa ufunguo. Nyuma ya ghala hilo, mahali mtu anaweza kurusha jiwe likafika, ndipo ilipo gereji ya Mlingoti.

"Ahaa," alisema Koplo.

"Usiguse kwanza," alisema Mwalimu.

Akalizunguka. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamegeuzwa kuelekea ukingo wa barabara, ili gari likiponyoka lijigonge ukingoni badala ya kuteremka. Breki ya mkono imevutwa. Gia ilikuwa kwenye ya kurudi nyuma, na kuiingiza ile katika Nyigu lazima unyanyue pete ndogo chini ya kichwa cha gia, la sivyo haiingii ng'o. Pete hiyo aliijua Mlingoti, na Mwalimu mwenyewe aliieleza mezani jana walipokuwa wanamcheka.

Koplo alikuwa amechungulia ndani. "Mwalimu, tazama kiti."

Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma hadi mwisho wa reli. Mtu wa kawaida akikaa pale hafikii klachi.

"Wewe ulikiacha hivyo?"

"Mimi mfupi, Koplo. Nilikiacha mbele."

"Basi mwizi ni mrefu. Mrefu kweli." Akatazama upande wa gereji. "Na kuna mmoja tu mwenye miguu hiyo, aliyeushika ufunguo, aliyelitamani gari, na anayefanya kazi hapa nyuma."

Mwalimu alitaka kubisha. Akatazama kioo cha ndani. Kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama paa. Aliliona hilo na halikumkaa vizuri, kama kijiwe ndani ya kiatu, lakini Koplo alikuwa tayari anaita.

Mlingoti alitoka akiinama kupita mlango wake mwenyewe, mikono ina grisi. Alipomwona Nyigu uso ulichangamka, kisha akamwona Koplo, ukafifia.

"Ulikuwa wapi usiku?"

"Kitandani. Miguu nje, kama kawaida."

"Umechonga ufunguo wa gari hili?"

"Sijachonga."

"Ulilitaka."

"Nilitaka, nikasema kwa mdomo wangu, mbele ya mwenyewe. Mwizi huomba kwanza?"

"Gari liko mlangoni kwako."

"Na mimi nikiiba nitaliegesha mlangoni kwangu? Koplo, mimi ni mrefu, si mjinga. Urefu nao umekuwa kosa la jinai?"

"Toa vilivyomo mifukoni."

Wapita njia walianza kusimama. Mlingoti alitoa spana, kitambaa, na pipi moja, akaviweka juu ya ukuta wa ghala kimoja kimoja, kichwa juu, bila kumwondolea Koplo jicho. Mwalimu aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Mtu huyu alimtengenezea magari ya shule yake ya udereva kwa uaminifu, na sasa alikuwa anapekuliwa barabarani kwa sababu yake.

Koplo alipanda mbio kulileta gari la polisi, akalisimamisha kando yao ili amchukue mtuhumiwa. Akasukuma kiti nyuma hadi mwisho, akageuza kioo kikatazama juu, akashuka.

"Koplo," alisema Mwalimu. "Rudi ndani."

"Nini?"

"Rudi ndani. Kaa. Sasa shuka tena, kama ulivyoshuka."

Mwanafunzi ni mwanafunzi. Koplo alirudi, akakaa, akashuka.

"Umefanya nini?"

"Nimeshuka."

"Kabla ya kushuka."

Koplo alitazama mkono wake mwenyewe kama si wake. "Nimesukuma kiti. Na kioo."

"Kwa nini?"

Jibu lilimtoka lenyewe, kwa sauti ya darasani. "Kiti si chako, ni cha anayekufuata." Kisha akabaki mdomo wazi.

Ndiyo, hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya shule ya Mwalimu, na ya shule yake tu. Gari moja walilipokezana wanafunzi wengi, warefu na wafupi, na wavivu wao walikuwa wanaendesha kiti kikiwa kama alivyokiacha mwenzao. Kwa hiyo anayeshuka hulazimika kusukuma kiti hadi mwisho na kugeuza kioo juu, ili anayepanda asiweze hata kuondoka bila kujipangia upya. Aliwatia jambo hilo mwilini hadi wakalifanya usingizini.

"Kiti hakisemi mwizi ni mrefu," alisema Mwalimu. "Angekuwa Mlingoti aliyeendesha, kioo kingepangwa kwa macho ya Mlingoti. Hakuna binadamu anayeendesha akitazama paa. Hivi viligeuzwa wakati wa kushuka. Na magurudumu yaliyogeuzwa ukingoni, na gia ya nyuma kwenye mteremko, je?"

"Kilima hakina rafiki," Koplo alinong'ona. Hilo nalo lilikuwa somo la Mwalimu, na lilimgharimu Koplo mitihani miwili.

"Mlingoti, ulijifunzia wapi udereva?"

"Kwenye malori ya mchanga, Mwalimu. Unajua. Sisi tulikuwa tunaweka jiwe."

"Jiwe hakuna. Chukua vitu vyako, baba. Nakuomba radhi, na si mimi peke yangu nitakayekuomba leo. Twende sote nyumbani."

"Lakini wanafunzi wako ni nusu ya mji," alisema Koplo, wakipanda kilima.

Mwalimu alizidi kupanda. Alikuwa ameshajua, na hatua zilikuwa nzito.

Saa tatu kamili walikuwa sebuleni. Watoto walipelekwa kwa jirani. Shemeji alikaa na taya lake, Mlingoti alisimama kwa sababu makochi ya nyumba ile yalimfikisha magoti kidevuni, Koplo alikaa mlangoni. Binti alikuwa anafuta meza iliyokwisha kuwa safi.

"Breki zilikuwa ngumu?" Mwalimu aliuliza.

"Breki zipi tena?" alisema shemeji.

"Sikuulizi wewe."

Kitambaa cha binti kilisimama.

"Mtu huyu alitoa ufunguo msumarini akaurudisha," Mwalimu aliendelea. "Alifunga geti, kwa sababu ndani wamelala watoto. Hakuwasha gari. Nyigu akikohoa ningeamka hata kaburini, na boneti imelala na umande wake. Aliliachia literemke lenyewe, maana hata uani mwangu ni mteremko. Alikuwepo mezani jana nilipoeleza habari ya pete. Na nilimfundisha mimi. Shemeji hakufundishwa nami, na amejisifia hilo mbele ya Koplo. Mlingoti hakufundishwa nami. Nakuuliza wewe, mwanangu. Gari lisilowashwa, breki zake huwa kama kukanyaga ukuta. Zilikuwa ngumu?"

"Nilikanyaga kwa miguu miwili," alisema binti.

Shemeji alifungua mdomo, jino likamfunga.

"Lakini wewe huendeshi!" alisema Koplo.

"Siendeshi." Binti aliweka kitambaa chini. Alikuwa analia, na alikuwa na hasira pia, alikuwa binti wa mama yake. "Umenitupia ufunguo mezani mbele ya watu, Mama. Kuanzia Jumatatu. Umeniuliza kama naweza? Kila nikishika usukani naona mtaro. Namsikia mtoto analia nyuma. Wewe umejichagulia gari lisilo na nafasi yetu, ukacheka, na mimi nikaona hapo ndipo tunaachwa. Nilitaka litumbukie mtaroni pale chini. Limalizike. Ungerudi kwenye gari letu."

"Mbona halikutumbukia?"

"Nilishindwa. Lilipoanza kwenda mbio mguu ulikanyaga wenyewe. Mikono ikakata usukani yenyewe. Nikaliegesha. Nikapanda kilima, nikafunga geti, nikarudisha ufunguo."

Shemeji aliona nafasi yake.

"Basi yamekwisha, ya nyumbani hayo. Shemeji, funzo umelipata. Lirudishe yadi, uchukue la viti saba."

"Funzo?" Mwalimu alisimama. Alikuwa mfupi, lakini Mlingoti alisogea. "Nimekaa kiti cha abiria tangu nywele hizi zikiwa nyeusi. Nimefundisha, nimelea, nimezika, nimewapeleka na kuwarudisha, wewe na meno yako. Sijawahi kuwanyima. Leo nataka kitu kimoja, cha njano, chenye milango miwili, na mnataka niombe ruhusa? Sirudishi. Andika na hilo, Koplo. Sirudishi."

Kisha akamgeukia binti, na sauti haikulainika. "Na wewe. Sitasema umekosea, sitasema umefanya mchezo. Umeniibia. Na asubuhi hii mtu asiye na hatia alimwagishwa mifuko barabarani ilhali wewe unakata mkate."

Binti alimwendea Mlingoti, akapiga goti kidogo. "Kaka, nisamehe. Sikujua wangekushika wewe."

"Nimesamehe," alisema Mlingoti. "Ila kitambaa changu kimebaki ukutani."

"Unafungua mashtaka, Mwalimu?" Koplo aliuliza.

Mwalimu alitoa ufunguo wa Nyigu mfukoni, akauweka kiganjani mwa binti yake, akakifunga kiganja kwa mkono wake. "Miaka minne nimekuendesha nikidhani nakusaidia. Kumbe nilikuwa nakukalia kiti. Mtu aliyeteremsha gari asilolijua, gizani, bila injini, bila breki za maana, akaliegesha hivi, haniambii hajui kuendesha. Ulilishusha. Sasa lipandishe. Mchana, mbele ya watu."

"Mama, siwezi."

"Utaweza ukilia. Machozi hayazuii klachi."

Wakashuka wote. Binti alikaa, akavuta kiti, akageuza kioo hadi akauona mji nyuma yake. Aliligeuza polepole mbele ya ghala, pua ikaelekea kilimani, na hapo Nyigu akazima mara ya kwanza. Akazima mara ya pili, akarudi nyuma kidogo, na Koplo akafumba macho, kwani alikikumbuka kilima hicho. Mwalimu alisimama ukingoni, mikono kifuani. Mara ya tatu injini ilikohoa, ikaimba, na gari la njano likapanda polepole likimkonyeza kila mtu hadi likaingia getini. Shemeji alifika wa mwisho, akihema, ameshika taya.

Binti alisukuma kiti nyuma, akageuza kioo juu, akashuka. Kisha akaona alichofanya, akacheka huku machozi bado yanateremka. Aliingia ndani, akatoka na ufunguo wa gari la zamani mkononi.

"Jumatatu utakaa na mimi pembeni?" alimwuliza mama yake.

"Jumatatu tu. Jumanne nina safari."

Mwalimu akapanda Nyigu. Alivuta kiti mbele hadi miguu yake mifupi ikafika, akaweka kioo mahali pa macho yake, akatoka getini peke yake, akazunguka mji mzima kwa mwendo ambao Koplo aliamua kutouona. Aliporudi alizima injini, akafungua mlango, akashuka.

"Mwalimu," Koplo alisema, "umesahau kiti."

Kiti kilikuwa mbele vilevile, na kioo mahali pake.

"Sijasahau," alisema Mwalimu. "Hiki hakina anayenifuata."